Shabunda: Shule bila ukuta, nani ana ruhusa ya kuingia?

Katika shule nyingi za Shabunda, Kivu ya Kusini, ni vigumu kumwonyesha mgeni mahali shule inapoanzia. Kuna nyumba mbili au tatu za miti na udongo, uwanja wa mpira, mlingoti wa bendera, kisha njia ya miguu inayokata katikati kuelekea mashambani, mtoni au kwenye machimbo ya dhahabu. Mama mwenye kikapu cha mihogo anapita hapo. Mchuuzi anapita. Mchimbaji mwenye sepeto na karai anapita. Siku nyingine anapita mwanaume mwenye bunduki begani, na watoto darasani wanaacha kuangalia ubao.

Hakuna lango la kumsimamisha. Mara nyingi hakuna hata zamu. Mwalimu aliye mbele ya darasa ndiye anabaki kuamua kwa dakika moja: atoke amwulize shida yake, au aendelee na somo kama vile hakuona kitu.

Mjini Bukavu, wazazi wanapozungumza juu ya usalama wa shule, wanafikiri ukuta wa matofali, lango la chuma na mlinzi mwenye daftari la wageni. Shabunda swali ni lile lile, ila majibu hayawezi kuwa yale yale. Huko, kulinda mlango wa shule kunaanza na makubaliano ya watu kabla ya kufika kwenye tofali na saruji.

Saruji inayosafiri kwa ndege

Teritware ya Shabunda ndiyo kubwa kuliko zote za Kivu ya Kusini. Ina zaidi ya kilomita za mraba 25,000, karibu sawa na nchi nzima ya Rwanda, na inachukua zaidi ya theluthi moja ya jimbo. Sehemu kubwa ni msitu. Barabara inayotoka Bukavu kupitia Burhale kuelekea Shabunda na Kindu, imeharibika kwa miaka mingi, na kwa muda mrefu ndege ndogo zilizotoka uwanja wa Kavumu ndizo zilizopeleka bidhaa kule. Tangu M23 ilipochukua Kavumu na kisha mji wa Bukavu katikati ya mwezi wa Februari 2025, kiungo hicho nacho kimekatika.

Kwa hiyo mfuko wa saruji ukifika Shabunda umebeba bei ya ndege, ya pikipiki, au ya mgongo wa mtu. Kuzungushia ukuta shule moja ni kazi ambayo wazazi wa kijiji hawaiwezi. Na pesa ya kumlipa zamu kila mwezi ni swali jingine. Tangu mwezi wa Septemba 2019, serikali ilipoanza kutekeleza elimu ya msingi ya bure iliyoandikwa katika kifungu cha 43 cha Katiba, shule za msingi za serikali hazina haki ya kuwadai wazazi mchango. Ilikuwa nafuu kubwa kwa familia, na madarasa yalijaa. Lakini pesa za uendeshaji ambazo serikali inapaswa kutuma hazitoshi kwa chaki na madaftari, sembuse mshahara wa mlinzi.

Hali hii haimaanishi kwamba mlango wa shule uachwe wazi. Inamaanisha kwamba ulinzi utafutwe katika vitu ambavyo Shabunda inavyo.

Mwenye bunduki ni mtoto wa kijiji

Mafundisho mengi juu ya usalama wa shule duniani yanamhofia mtu asiyejulikana. Shabunda hali ni ngumu zaidi, kwa sababu mwenye bunduki mara nyingi anajulikana kwa jina, kwa ukoo, hata kwa benchi alilokalia akiwa mwanafunzi.

Historia inaeleza hilo. Kundi la Raia Mutomboki, jina linalomaanisha raia waliokasirika, lilizaliwa Shabunda mwaka 2005, vijana walipochukua mapanga na silaha kupambana na waasi wa FDLR waliokuwa wakiua watu vijijini. Mwaka 2011, vikosi vya jeshi la serikali, FARDC, vilipotolewa katika vituo vingi ili vipangwe upya, FDLR walirudi, na Raia Mutomboki wakaamka tena, kisha wakagawanyika matawi mengi. Leo baadhi ya matawi hayo yanahesabiwa kati ya Wazalendo wanaopigana dhidi ya M23.

Ndiyo sababu mwalimu anaona ugumu. Kijana anayesimama mlangoni na silaha anaweza kuwa mjomba wa mwanafunzi aliye darasani. Amekuja kuomba maji, kupumzika kivulini, kuchaji simu, au kumwita mdogo wake. Na desturi inasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kumfukuza mtu wa nyumbani ni aibu, na kumfukuza mwenye silaha ni hatari.

Lakini mambo yaliyoandikwa juu ya Kivu yanaonyesha gharama ya kunyamaza. Mwezi wa Oktoba 2015, shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya shule za mashariki mwa Congo. Ilieleza jinsi makundi yenye silaha yalivyowachukua watoto shuleni au njiani kuelekea shuleni ili wawe wapiganaji au wabeba mizigo, na jinsi waasi na hata askari wa serikali walivyokaa ndani ya madarasa na kugeuza mbao na madawati kuwa kuni. Askari akilala darasani, shule inakuwa kambi machoni pa adui yake. Siku adui atakapokuja, hataangalia kama wanafunzi wapo au hawapo.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza kwa shule ya Shabunda haiwezi kuwa kuwazuia wageni na kuwaruhusu wenyeji. Kanuni inayofaa inaangalia kitu mtu alichobeba: bunduki haiingii shuleni, hata ikibebwa na ndugu, hata ikibebwa na askari wa serikali, hata ikibebwa na anayesema amekuja kulinda watoto.

Sheria zipo, zinakosa kubandikwa mlangoni

Mwalimu anayesema maneno hayo hasemi kwa kichwa chake. Ana sheria nyuma yake.

Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kumwandikisha au kumtumia mtoto katika jeshi na katika makundi yenye silaha, na kifungo chake ni miaka 10 hadi 20. Tarehe 4 Oktoba 2012, serikali ya Congo na Umoja wa Mataifa walitia sahihi mpango wa kumaliza uandikishaji wa watoto jeshini. Mwezi wa Mei 2013, wizara ya ulinzi ilitoa agizo linalosema kwamba askari atakayetwaa shule au hospitali kwa kazi ya kijeshi ataadhibiwa. Na mwaka 2016 Congo ilijiunga na Azimio la Shule Salama, lililozaliwa Oslo, Norway, mwezi wa Mei 2015, ambalo sasa lina zaidi ya nchi 100. Nchi zilizojiunga zimeahidi kuweka majeshi yao mbali na majengo ya shule.

Kwa upande wa makundi, kuna mfano ulio karibu zaidi. Mwezi wa Novemba 2019, mahakama ya kijeshi ya Bukavu ilimhukumu kifungo cha maisha Frédéric Masudi Alimasi, aliyejulikana kama Kokodikoko, kiongozi wa tawi moja la Raia Mutomboki, kwa uhalifu dhidi ya binadamu uliofanyika Shabunda mwaka 2018, ukiwemo ubakaji wa wanawake na wasichana. Watu wa Shabunda waliona kwamba hata kiongozi wa msituni anaweza kufika mbele ya jaji.

Shida ni kwamba sheria hizi ziko katika ofisi, kwa Kifaransa. Mwalimu wa kijiji cha mbali hajapata nakala, na kamanda wa kituo kidogo hajawahi kuisikia. Karatasi moja yenye maneno matatu au manne kwa Kiswahili na Kilega, iliyogongwa muhuri wa mamlaka ya teritware na kubandikwa mlangoni, ingemsaidia mwalimu kuliko vitabu vyote. Angeweza kuonyesha karatasi badala ya kubishana. Mtu akikatazwa na karatasi haoni kwamba amedharauliwa na jirani yake.

Mipaka ambayo watu wanaiheshimu tayari

Wako wanaosema kwamba bila ukuta na bila askari, karatasi haiwezi kumzuia mtu. Lakini Shabunda yenyewe ina mifano ya mipaka isiyo na ukuta ambayo watu wanaiheshimu.

Mfano wa kwanza ni wa jadi. Katika desturi ya Walega, kambi ya tohara inayoendana na Kimbilikiti iko msituni, haina tofali wala lango. Hata hivyo wanawake na wasiotahiriwa hawaikaribii, na hakuna anayehitaji kuwasukuma. Kila mtu amekua akijua mpaka ule uko wapi, nani ana haki ya kuuvuka, na kwamba jamii nzima itamwuliza atakayeuvunja.

Mfano wa pili ni wa hospitali. Shirika la Médecins Sans Frontières lilifanya kazi Shabunda kwa miaka mingi. Kwenye vituo vya shirika hilo, hapa na kwingine duniani, kuna alama ya bunduki iliyokatwa kwa mstari mwekundu. Hata asiyejua kusoma anaielewa. Mwenye silaha anayetaka kumwona mgonjwa wake anaacha silaha nje kwa mwenzake, kisha anaingia kama mtu mwingine yeyote. Kama inawezekana kwa kitanda cha mgonjwa, inawezekana kwa benchi la mwanafunzi.

Mfano wa tatu unatoka shuleni kwenyewe. Siku ya mtihani wa taifa, ule ambao kila familia inauita Exetat, kituo cha mtihani kinabadilika. Anayeingia ni mwanafunzi aliyeandikishwa na msimamizi aliyetumwa. Mzazi anabaki nje, kaka anabaki nje, mchuuzi wa mikate anabaki nje. Watu wanakubali kwa sababu kanuni ni moja kwa wote na kila mmoja anajua kwa nini ipo. Kinachofanyika siku nne za Exetat kinaweza kufanyika siku nyingine za mwaka wa shule.

Mambo matano yasiyohitaji ndege

Kutokana na mifano hiyo, kuna mambo ambayo direkta wa shule, kamati ya wazazi na kapita wa kijiji wanaweza kuanza bila kungoja msaada kutoka nje.

La kwanza ni kutembea mpaka. Kapita, wazazi na walimu wanazunguka kiwanja cha shule pamoja, wanakubaliana mwisho wake, kisha wanapanda miti ya kukua haraka au kufunga ua wa mianzi. Ua huo hautamzuia mwenye nia mbaya, ila utamwondolea mtu kisingizio cha kusema hakujua ameingia shuleni. Pia unazuia uwanja wa shule kuliwa polepole na mashamba.

La pili ni kuhamisha njia. Njia inayokata uwanja inazungushwa nje ya ua, na shule inabaki na mlango mmoja. Bila hilo, daftari la wageni halina maana.

La tatu ni zamu ya wazazi. Pale ambapo hakuna pesa ya mlinzi, wazazi wanaweza kupeana siku, wawili wawili, wakikaa mlangoni tangu kengele ya asubuhi hadi watoto watoke. Kazi yao si kupigana na mtu. Wanasalimia, wanauliza mgeni anamtafuta nani, na mmoja anakwenda kumwita direkta huku mwingine akibaki na mgeni. Kamati ya wazazi inatambuliwa na sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014, kwa hiyo ina mamlaka ya kupanga hilo.

La nne ni mazungumzo na wenye silaha kabla ya siku ya shida. Mwalimu mmoja peke yake hawezi kumkatalia kamanda. Lakini mwami au mjumbe wake, padri au mchungaji, mwakilishi wa shirika la raia na kamati ya wazazi, wakienda pamoja siku ya amani, wanaweza kuomba ahadi moja: watu wako wasiingie shuleni na silaha, wasilale darasani, wasimwite mtoto. Usultani wa Bakisi na ule wa Wakabango wa Kwanza una wazee wanaosikilizwa hata msituni. Makamanda kadhaa wa Kivu waliwahi kutia sahihi ahadi za kutochukua watoto mbele ya wajumbe wa MONUSCO. Ujumbe huo uliondoka Kivu ya Kusini mwezi wa Juni 2024, na kazi ya kuwakumbusha ahadi hizo imebaki kwa wenyeji.

La tano ni kukataa kutumia shule kwa kila kitu. Darasa linakuwa ofisi ya uchaguzi, kama ilivyokuwa mwezi wa Desemba 2023. Linakuwa nyumba ya wakimbizi wa ndani vita vikipamba. Watu waliokimbia wana haki ya kupata paa, na hakuna anayeweza kuwaacha watoto wao kwenye mvua. Lakini inafaa kijiji kipange mapema mahali pengine, kanisa au nyumba ya mikutano, na kuweka siku ambayo madarasa yatarudishwa.

Hatari isiyobeba bunduki

Ua na alama ya bunduki havitoshi. Shabunda ni nchi ya dhahabu, na penye machimbo pesa inazunguka haraka, hasa kandokando ya mto Ulindi. Mwanaume anayekuja shuleni na simu mpya au na pesa ya vitafunio kwa msichana wa miaka 14 hana silaha, na pengine anavaa vizuri kuliko mwalimu. Kuna pia anayekuja kuwatafuta wavulana wa kubeba mchanga machimboni, na kila anayemchukua ni benchi tupu siku inayofuata.

Hapa kanuni ni kwamba hakuna mtoto anayeitwa kutoka darasani na mtu yeyote isipokuwa kwa ruhusa ya direkta, na kwa mzazi au mlezi aliyeandikwa katika daftari la shule. Mjomba asiyeandikwa anangoja. Anayesema ametumwa na mama anangoja hadi mama aulizwe. Mazungumzo na mgeni yanafanyika mahali pa wazi, mbele ya macho ya watu.

Kanuni hiyo inawahusu walimu pia. Sheria ya mwaka 2006 juu ya ubakaji na ukatili wa kingono haimwachi nje mtu kwa sababu ana chaki mkononi. Shule inayomsimamisha mgeni mlangoni lakini inamruhusu mwalimu kubaki na msichana peke yake darasani baada ya masomo imefunga mlango mmoja na kuacha mwingine wazi. Ndiyo maana ni vizuri kati ya wazazi wa zamu awepo mama, mtu ambaye msichana anaweza kumweleza jambo bila woga.

Pale mlango unaposhindwa

Hakuna anayepaswa kudanganywa kwamba ua wa mianzi utazuia shambulio lililopangwa. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023, wapiganaji wa ADF walivuka mpaka kutoka Congo na kushambulia shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, magharibi mwa Uganda. Walichoma bweni na kuua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Nchini Kenya, tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 waliuawa katika chuo kikuu cha Garissa, ambacho kilikuwa na lango na walinzi.

Kwa hiyo shule inahitaji pia kujua itafanya nini siku mlango utakaposhindwa. Nani anapiga kengele, na kengele ya hatari inatofautiana vipi na ya mapumziko? Watoto wa darasa la kwanza wanashikwa mkono na nani? Wanakimbilia wapi? Nani ana orodha ya majina, ili jioni ijulikane nani hajafika nyumbani? Maswali haya yanajibiwa kwa mazoezi ya dakika chache mara moja kwa muhula. Katika vijiji ambavyo watu wamekimbia mara nyingi, watoto wenyewe wanajua njia za msituni kuliko walimu. Ni vizuri waulizwe.

Na usalama hauishii langoni. Wanafunzi wa Shabunda wanatembea mbali, wanavuka mito kwa mtumbwi au kwa daraja la miti. Wengi waliochukuliwa na makundi walichukuliwa njiani. Kutembea kwa vikundi, wakubwa pamoja na wadogo, na mzazi mmoja akiwasubiri kwenye kivuko, ni sehemu ya kulinda mlango ule ule.

Mkutano wa Septemba

Serikali ina wajibu ambao kijiji hakiwezi kuubeba: kuwalipa walimu, kutuma pesa za uendeshaji, kuwaadhibu askari wanaokaa shuleni, na kuwasimamia wapiganaji inaowaita Wazalendo. Wajibu huo usisahauliwe kwa sababu wazazi wamejipanga.

Lakini mtoto anayekwenda shuleni kesho asubuhi hawezi kungoja barabara itengenezwe. Mwaka wa shule unaanza mwezi wa Septemba, na kila shule hufanya mkutano wa wazazi. Mahali ambapo mkutano huo utapanga siku ya kutembea mpaka, majina ya wazazi wa zamu na watu watakaokwenda kuongea na kamanda, mwalimu hataachwa tena peke yake kuamua kwa dakika moja. Mwenye bunduki akitokea kwenye njia, atakuta ua, alama, na wazazi wawili wanaomsalimia na kumwomba aiache silaha nje. Na watoto wataendelea kuangalia ubao.